Kupiga kambi Jozani wakati wa masika: mwongozo kamili kwa kundi la marafiki

Sikukuu ambazo vijana wa Unguja hupata nafasi ya kutoka pamoja nyingi zimeangukia katikati ya masika: Siku ya Karume Aprili 7, Muungano Aprili 26, Mei Mosi. Na Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Mkisubiri kipupwe, mmoja yuko kazini, mwengine yuko chuoni, wa tatu amesafiri. Kwa hiyo mwongozo huu ni wa wale walioamua kwenda na mvua yake, na mahali penyewe ni pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi.

Kuna jambo moja ambalo likieleweka mapema, mengine yote yanakuwa mepesi. Jozani maji hayatoki juu tu. Msitu umekaa kwenye bonde ambalo maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa udongo, ndiyo maana miti yake ni mirefu na mibichi mwaka mzima. Masika yakikolea, maji hupanda kutoka chini na sehemu za msitu hugeuka ziwa. Mtu anaweza kuwa na hema zuri lisilovuja hata tone, na bado akaamka godoro linaelea. Kazi kubwa ya safari hii ni kuchagua pa kulala.

Siku na hali ya hewa

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa msimu wa masika na wa vuli, halafu utabiri wa kila siku na tahadhari za mvua kubwa na upepo mkali. Someni tahadhari, siyo alama ya wingu kwenye simu. Mvua ya kawaida ya masika, ile inayomwaga kwa muda wa saa mbili ikapumzika, haiwazuii kwenda. Tahadhari ya mvua kubwa kwa siku mnayokusudia kulala inawazuia, na hapo ahirisheni bila ubishi.

Jengine ni mwezi, kama mnataka kulala upande wa ghuba. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa katika bahari yetu hukaribia mita 4. Na siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Mkifika saa nne asubuhi mtaona uwanja mkubwa mkavu unaovutia, na alfajiri yake bahari itakuja kuuchukua. Chagueni siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana, au laleni mbali kabisa na pwani.

Ruhusa

Ndani ya msitu si pahala pa kupiga hema kwa kujiamulia. Wageni huingia mchana na mtembezaji, kisha hutoka. Kundi linalotaka kulala liende kwanza ofisi ya hifadhi, langoni, siku kadhaa kabla, liulize ni wapi panaruhusiwa na kwa masharti gani. Njia inayofaa zaidi kwa watu wengi ni kulala kwenye shamba au uwanja wa kijiji jirani (Pete, Kitogani, Charawe, Ukongoroni) na kuingia hifadhini asubuhi kama wageni wengine, kwa tiketi.

Kwa kijiji, mwanzo ni kwa Sheha, kiongozi wa serikali wa pale. Nendeni wawili, mavazi ya heshima, salamu kamili kabla ya shida iliyowaleta. Chukueni karatasi yenye majina ya kundi zima, namba za vitambulisho, simu za watu wawili na tarehe za kuingia na kutoka. Kama mna mgeni kutoka nje ya nchi mtajeni hapo hapo. Kama kundi lina wanawake na wanaume, semeni wenyewe kabla hamjaulizwa kwamba mahema ni mbalimbali na nani ni mkubwa wa kundi. Sheha akishajua, kijiji kizima kinajua, na usiku mkipata tatizo kuna mlango wa kugonga. Baada yake ndiyo mwenye shamba.

Katika mazungumzo hayo hayo ombeni jambo la pili, ambalo makundi mengi hulisahau: banda, ukumbi wa skuli au baraza la kukimbilia maji yakizidi. Muulize kabisa ufunguo unakaa kwa nani.

Vitu vya kubeba

Zanzibar mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, na kusema kweli haikuwa kinga nzuri ya mvua. Kinachofaa ni ndoo ya lita 20 yenye kifuniko kinachobana, zile zinazouzwa madukani baada ya kumalizwa mafuta au rangi. Ndoo moja kwa watu wawili. Ndani yake ziingie nguo kavu za kulalia, shuka, simu, betri, kibiriti na msahafu kama mtu amebeba. Ikifungwa, ikianguka kwenye dimbwi inaelea. Ikishatolewa vitu ni kiti, na wakati wa kuondoka ni chombo cha taka.

Kila mtu awe na seti mbili za nguo, basi: ya kuloa na ya kulala. Ya kulala haivaliwi nje ya hema hata kwa dakika moja, hata kama mvua imekatika na nyota zimetoka. Asubuhi unavaa tena ile mbichi. Ni karaha ya dakika tano, lakini ndiyo inayokuhakikishia usiku wa pili ulale mkavu. Usiku wa masika Unguja si wa baridi kali, joto hukaa karibu nyuzi 23 au 24, ila mtu aliyeloa akipigwa na upepo hutetemeka vilevile.

Kwa kundi zima, orodha ni hii:

- Turubai kubwa mbili, moja ya juu ya jiko na mkutano, moja ya akiba
- Kamba ya manila mita 40 au zaidi, na vipande vya kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) kwa kufungia vitu vidogo
- Magunia matupu kumi hivi
- Majamvi au mikeka ya zamani ya kutandika chini ya hema
- Chandarua kwa kila hema, hata kama hema lina wavu wake
- Seredani (jiko la makaa), makaa yaliyofungwa ndani ya ndoo, na jiko dogo la gesi
- Dumu mbili za maji ya kunywa
- Tochi za kichwani, moja kwa kila mtu
- Panga moja, jembe dogo, sanduku la dawa

Viatu: gambuti kwa msituni, na makubadhi ya mpira kwa kambini. Viatu vya kitambaa viacheni nyumbani.

Daladala za Jambiani na Makunduchi, 309 na 310, hupita mbele ya lango la hifadhi, lakini kwa mizigo hii ni bora mkodi gari mchangie. Mkikaribia Jozani mwambieni dereva apunguze mwendo. Barabara inakata njia za kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, na matuta yamewekwa pale kwa sababu wengi wamegongwa.

Pa kupiga hema

Fikeni kabla ya saa nane mchana. Msikubali kufika jioni.

Mtakuta ardhi za namna mbili, na kila moja ina tabia yake. Ya kwanza ni udongo mweusi wa bondeni, laini, wenye majani. Kigingi kinaingia kama kisu kwenye siagi. Hapo ndipo maji yanapopanda. Ya pili ni maweni, ardhi ya jiwe la matumbawe iliyo kusini na mashariki ya msitu, yenye vichaka vifupi. Mvua ikinyesha maji hupotea ndani ya jiwe muda ule ule, lakini kigingi hakiingii hata kwa nyundo, na jiwe lina makali ya kuchana kitambaa.

Kwa masika ushauri wangu hauna shaka: laleni maweni. Shida ya kigingi ina dawa, shida ya maji ya chini haina.

Mkiwa kwenye udongo hata hivyo, kwa sababu ndipo mlipopewa, fanyeni majaribio haya kabla ya kushusha mzigo. Chimbeni shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, subirini nusu saa. Likianza kujaa maji kutoka chini, hameni. Tazameni mashina ya miti: mstari wa tope au majani makavu yaliyonasa juu ya ardhi yanaonesha maji yalifika wapi. Tazameni mimea, kwani michikichi na mikadi mingi pamoja ni dalili ya maji karibu. Na waulizeni wenyeji swali moja, tena liulizwe hivi: “Mwaka wa mvua kubwa, maji hufika wapi?” Mkiuliza kama panafaa kulala watawajibu kwa adabu kwamba panafaa.

Popote mlipo, epukeni chini ya mnazi. Nazi au kuti zito likidondoka usiku wa upepo linaua. Epukeni pia mwembe mkubwa wenye matawi makavu, mti mrefu uliosimama peke yake, na njia ya miguu, maana njia ya miguu mvua ikinyesha huwa mto.

Sasa mpango wa hema kwenye maweni. Fagieni vijiwe vilivyolegea, tandikeni jamvi, na hakikisheni halitokezi nje ya kingo za hema. Jamvi likitokeza hata kiganja kimoja linakusanya mvua na kuileta chini yenu. Jazeni magunia mchanga au mawe nusu yake, yafungeni mdomo, na kamba za hema zifungwe kwenye magunia badala ya vigingi. Gunia moja kwa kila kona na moja kwa kila kamba ya ubavuni. Kama kuna jiwe kubwa lililojishikiza ardhini, lizungushieni kamba, lakini wekeni kipande cha kitambaa kikuukuu pale kamba inapogusa jiwe, la sivyo itakatika kabla ya alfajiri.

Wakati wa masika upepo wa mvua huja kutoka kusini, kwani kusi limeshaanza kuingia. Mgongo wa hema uelekee kusini na mlango kaskazini. Kwetu Unguja kaskazini ndiko kibla, kwa hiyo mkishajua upande wa kuswali mmeshajua upande wa mlango. Safari za vuli, Oktoba hadi Disemba, upepo ni wa kubadilika na mtaamua pale pale.

Turubai kwanza

Mkifika mvua inanyesha, hakuna anayegusa hema. Turubai linafungwa kwanza, watu na mizigo wanaingia chini yake, na hema linaunganishwa humo humo likiwa kavu kisha linabebwa zima hadi mahali pake. Hatua hii peke yake inaokoa safari.

Turubai liinamishwe upande mmoja, tofauti ya urefu wa kiganja haitoshi, iwe ya mkono mzima. Turubai lililonyooka hukusanya maji katikati, likazama, likapasuka juu ya sufuria. Kwenye kila kamba inayolishikilia fungeni uzi mfupi wa usumba unaoning'inia: maji yanayotembea juu ya kamba yatashuka na uzi badala ya kuingia ndani.

Mfereji kuzunguka hema una faida kwenye udongo wa mteremko tu. Kwenye tambarare ya Jozani hauna pa kupeleka maji, na kwenye ardhi ya watu ni uharibifu.

Moto, chakula na maji

Kukata miti ndani ya hifadhi, mikoko ikiwemo, ni kosa, na kuni za masika haziwaki. Makaa mmekuja nayo. Vifuu na makumbi makavu nunueni kijijini, kila nyumba inayokuna nazi ina rundo lake chini ya paa. Makumbi yachambueni nyuzi, yawasheni katikati ya seredani, vifuu juu yake, makaa mwisho. Kifuu kikavu huwaka hata kama hewa ina unyevu.

Ndoo ya makaa ifungeni kila mara. Kima punju hula makaa. Watafiti wameeleza kwamba yanawasaidia kuhimili sumu iliyomo kwenye majani ya mwembe na mkungu wanayoyala, na wanajua kuyatafuta kwenye tanuri na majiko ya watu. Mkiacha seredani iliyozimika nje usiku, asubuhi mnaweza kukuta wageni. Matunda na boflo (mkate) msiwape, tumbo lao limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, na sukari huwadhuru.

Chakula cha usiku wa kwanza kipikwe nyumbani. Sisemi kwa uvivu: usiku wa kwanza mikono yote iko kwenye kamba. Chapati, samaki wa kukaanga, chupa mbili za chai ya tangawizi na mdalasini, tende na kashata kwa mwenye kuishiwa nguvu. Siku ya pili pikeni wali wa nazi na choroko. Maharage yaacheni, yanakula makaa ya siku nzima. Ng'onda, samaki aliyekaushwa, ni kitoweo kizuri cha kambi, hakiharibiki, ila kikae kwenye chombo cha kufunga kwa sababu harufu yake inaita kila kiumbe. Asubuhi, uji wa mtama wenye pilipili manga. Mtu aliyeloa akinywa kikombe cha uji ule husahau alikuwa analalamikia nini.

Maji ya kunywa nimeshasema, ni ya dumu kutoka nyumbani. Yakiisha, ya kisima yachemsheni mpaka yatokote vizuri. Jiwe la matumbawe halichuji uchafu, kinachomwagwa juu kinafika kisimani haraka, na mvua kubwa huko nyuma zimekwenda pamoja na kipindupindu visiwani kwetu. Kwa sababu hiyo hiyo msichimbe choo maweni wala msioge kwa sabuni karibu na kisima. Ombeni choo cha nyumba au cha msikiti, kiachwe kisafi kuliko mlivyokikuta.

Usiku

Giza likiingia, tafuteni dimbwi lililo karibu na kambi, chomekeni kijiti kwenye ukingo wake. Kila anayetoka nje amulike kijiti. Maji yakikipita kwa urefu wa hatua moja, mkubwa wa kundi anaamshwa na uamuzi unafanywa hapo hapo. Yakifika godoro mmechelewa. Wekeni sharti hili mchana, kila mtu akiwa na akili zake, maana saa nane za usiku hakuna anayetaka kuhama.

Radi ikikaribia, tokeni chini ya turubai na miti, ingieni garini au kwenye jengo mliloomba.

Siafu hupenda kuhama masika ardhi inapojaa maji. Watu wa shamba humwaga majivu kuzunguka mahali pa kulala, nasi tufanye hivyo kila jioni, na chakula chote kiwe kimefungwa. Gambuti zilale kichwa chini juu ya vijiti, na zikung'utwe kabla ya kuvaliwa, kwani tandu na nge hutafuta pakavu kama sisi. Malaria Unguja imepungua sana, haikwisha. Chandarua kifungwe tangu magharibi.

Wasiowahi kulala huko waambieni mapema kuhusu sauti. Komba hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa, na perere huanza na mkoromo kisha anapiga ukelele. Ni wanyama wadogo wasio na madhara. Mwenzenu wa mjini asiyejua atawaamsha nyote, na atataka mrudi.

Asubuhi msituni

Mvua ikikatika, msiupoteze wakati huo kwa kuanika nguo. Nendeni langoni, chukueni mtembezaji, ingieni. Mitondoo inachuruzika, vyura wako kila upande, jongoo wekundu wanavuka njia, na kima punju, ambao hawapatikani kiasili popote duniani ila Unguja, hutoka kutafuta majani machanga. Kaeni mbali nao mita tatu au zaidi. Mwenye mafua abaki nyuma, maradhi yetu huwaambukiza. Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta zaidi ya 5,800 kisiwani kizima, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa.

Jambo moja ambalo hamtalipata tena humu ni kuumwa na mbung'o, nzi wanaonyonya damu na kuwaambukiza ng'ombe maradhi. Jozani ilikuwa miongoni mwa ngome zao za mwisho, na kati ya mwaka 1994 na 1997 walimalizwa Unguja nzima kwa kuachia hewani madume yaliyofanywa tasa. Wazee wa Kitogani wenye ng'ombe wanaweza kuwaeleza maisha yalivyokuwa kabla yake.

Njia ya mbao ya mikokoni, upande wa Pete, iacheni mpaka jua lipige kidogo. Mbao zikiloa zinateleza vibaya.

Kuvunja kambi

Anzeni na vilivyo ndani, malizeni na turubai, kinyume cha mlivyofika. Magunia yamwagwe mchanga pale ulipotolewa. Majivu yapoe kabisa kabla ya kuzolewa, na vipande vya makaa viokotwe vyote. Taka zote ziingie ndoo, zirudi mjini.

Pitieni kwa Sheha kuaga, na kwa mwenye shamba mkiwa na chochote mlichokubaliana, hata kama mvua inanyesha na gari linasubiri. Mkifika mjini tangulizeni hema. Hema lililokunjwa bichi hushika kuvu kwa siku mbili tatu tu, na kuvu ikishaingia kwenye mshono hema litavuja siku zote. Litandikeni juu ya kamba darini au barazani, zipu wazi, mligeuze upande wa pili siku inayofuata. Jamvi na kamba za usumba zioshwe kwa maji baridi, zianikwe kivulini, na zihifadhiwe pamoja na turubai ndani ya ndoo ile ile.